Notisi ya Siku Tatu

Moshi ulikuwa unapinda. Kila alasiri Shamsa, muuza vitambaa mjini Eldoret, aliwasha uunsi, ule ubani mtamu wa Kisomali, chumbani mwa bintiye. Na kila alasiri moshi uliacha dirisha lililo wazi ukaingia ukutani, kwenye tundu la bomba la chuma ambalo mzungu aliyejenga nyumba ile ya Kiplombe alipitishia joto la jiko.

"Linavuta hewa tu, Mama," alisema Wachira, fundi aliyekuwa akikarabati nyumba. "Nimehakikisha hakuna jiko linalolitumia, maana moshi ukirudi ndani unaua watu. Napiga bati hapa, bati kwa paa, imeisha."

Siku hiyohiyo Nasteha, mwenye miaka sita, alikutwa ameingiza mkono mzima ndani ya tundu, akicheka na mtu. Shamsa alimvuta. Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto palikuwa na alama za vidole virefu. Akaogopa, kisha akakasirika, na Shamsa akikasirika hata madereva wa malori humpisha.

Alilelewa akijua kwamba jini wa nyumbani haondolewi kabla ya kuonywa siku tatu. Akainamia tundu. "Nimekulisha uunsi bila kujua. Sasa nakupa siku tatu. Mtoto ni wangu, nyumba ni yangu, na sihami."

Siku ya pili Wachira, aliyekuwa na haraka ya kazi nyingine Moiben na aliyeona kumpa jini notisi ni vituko, akaziba tundu la chumbani na mdomo wa bomba kule juu ya paa. Shamsa aliporudi kutoka dukani alikuta bati likigongwa kutoka ndani, polepole, na kila lilipogongwa harufu ya uunsi ilizidi, ingawa hakuna aliyewasha, mpaka sauti ikasema, "Shamsa. Ulinipa tatu. Nimebakiza moja."

"Mama, tafadhali usifungue," Wachira alinong'ona. "Wacha tuite pastor, ama sheikh, yeyote tu."

"Nipe bisibisi. Nilitoa neno langu, na fundi hatanivunjia. Wewe panda ufungue kule juu."

Akafungua. Giza likampumulia usoni. "Kesho kabla ya magharibi," akasema, meno yakimgongana. "Usipotoka, nitakusomea Kurani mpaka uungue."

Kesho yake, adhana ikikaribia, kitu kilikwaruza bomba kikipanda, kikapanda, kikazidi kupanda kana kwamba bomba lilikuwa refu kuliko nyumba yenyewe, mpaka mabati ya paa yakatetemeka, kisha kimya. Wachira akaziba juu mbio. Skrubu za chumbani Shamsa alizikaza mwenyewe, zote nane.

Akampakata Nasteha, akawasha uunsi kwa mara ya mwisho. Moshi ukapanda wima. Shamsa akacheka kwa furaha. Kisha moshi ukapinda, taratibu, kuelekea mlango wa mbele.

"Hodi," sauti ikasema nje, sauti ya Nasteha kabisa. "Hooyo, nifungulie mwanao."

Mapajani mwa Shamsa, Nasteha aliacha kutafuna biskuti.

Shamsa akamwagia makaa ya uunsi maji. "Wa kwangu yuko ndani," akajibu. "Wewe shika njia."