Nyumba Aliyoiruka Milembe

Kila asubuhi ya likizo ile fupi, Milembe aliamka nyumbani kwa shangazi yake Esteria huko Nkololo, akafagia uwanja, akachota maji, akanywa uji, kisha akavaa fulana ya kijani ya vijana wa kujitolea. Fulana hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Milembe alisoma darasa la sita Bariadi mjini, na alitaka kuwa mtangazaji wa televisheni. Alikubali kuja kujitolea kwa sababu alisikia picha zitapigwa, na picha zikipigwa watu watamjua. Kazi yenyewe hakuifikiria sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chupa. Pamba ilikuwa imefunga vitumba, na wakulima walikuwa wakipuliza dawa ya wadudu. Dawa ikiisha hubaki chupa, ngumu, yenye kifuniko kinachobana vizuri. Nani atupe kitu kizuri namna hiyo? Watu waliziosha kwa majivu wakaziwekea maji ya shambani, mafuta ya taa, hata maziwa. Shangazi Esteria alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye na vijana wake walipita nyumba kwa nyumba wakizikusanya, wakizitoboa na kuwaeleza watu kuwa sumu ile haiishi kwa kuoshwa.

Siku hiyo Milembe alipewa gunia na nyumba za upande wa mtoni. Zote zilikwenda vizuri mpaka ikabaki moja, ya Bibi Kwandu. Wasichana wa kisimani walikwisha mwambia kuwa bibi huyo ana macho mekundu, na mwenye macho mekundu ni mchawi. Pale kisimani Milembe aliwacheka sana. Alipofika peke yake kwenye ua wa minyaa, hamu ya kucheka ilikuwa imekwisha.

Bibi Kwandu alikuwa ameketi mlangoni. Alipomwona msichana aliinuka, akamjia taratibu, mkono mmoja ameunyoosha mbele, macho mekundu kama pilipili. Midomo yake ilikuwa ikisema jambo. Milembe hakusubiri kulisikia. Alitimua mbio, gunia likimpigapiga mgongoni, asisimame mpaka nyumbani.

"Kwa Bibi Kwandu nako ulifika?" shangazi alimuuliza.

"Nilifika, shangazi. Hana chupa hata moja."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Milembe ilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Kesho yake mchana, wakiwa wanapepeta choroko, ulisikika mwano, ule ukunga wa kuwaita majirani kunapokuwa na hatari. Ulitoka upande wa mtoni. Shangazi alinyakua mkoba wake wa kazi akatoka mbio. Milembe alimfuata, akijua kuwa walikuwa wanaelekea kule kule alikotoroka jana.

Uwanja wa Bibi Kwandu ulikuwa umejaa watu. Mjukuu wake Ndaki, mtoto mdogo ambaye hata shule hajaanza, alilazwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa ametapika. Jasho lilimtiririka, ute ulimtoka mdomoni, na pumzi yake ilikuwa ikikwama. Bibi Kwandu alipiga magoti kando yake, na wanaume wenye fimbo walikuwa wamemzunguka.

"Mwezi uliopita alikufa ndama wangu," alisema Luhaga, jirani wa karibu. "Leo ni mjukuu wake mwenyewe. Mnangoja amalize nani ndipo muamini?"

Shangazi alimwomba apishe. Aliinama, akamgusa mtoto, akamuuliza bibi mtoto amekula nini. Bibi alijibu kuwa ni maziwa tu. Dawa ya pamba ilimpitia shangazi akilini, lakini akaliondoa wazo hilo, kwa kuwa alikwisha ambiwa kuwa nyumba hii haina chupa. Akasema huenda ni malaria kali, akaanza kutafuta kipimo ndani ya mkoba.

Wakati huo Milembe alikuwa ameiona. Ilikuwa nyuma ya kinu, karatasi yake imebanduka nusu, maziwa bado yamo ndani.

Akisema, watu wote hawa watajua kuwa yeye ni mwongo. Akinyamaza, shangazi atampima mtoto malaria huku sumu ikiendelea kufanya kazi yake. Alizitazama fimbo. Alimtazama Ndaki, akaona midomo yake inaanza kugeuka rangi.

"Shangazi," aliita, akiinyooshea chupa kidole. "Jana sikuingia humu. Nilimwogopa bibi nikakimbia, halafu nikakudanganya. Chupa ile pale, nyuma ya kinu."

Shangazi hakumkemea. Hakuwa na nafasi hiyo. Aliiendea chupa, akaisoma ile karatasi, akamgeukia Luhaga.

"Washa pikipiki yako. Mtoto amekunywa dawa ya pamba. Hakuna aliyemroga."

Luhaga aliitazama chupa ile kwa muda, kana kwamba anaifahamu. Kisha fimbo ikamponyoka, akakimbilia pikipiki. Shangazi alipanda nyuma akiwa amempakata Ndaki, chupa ameifunga vizuri mkobani.

Milembe na Bibi Kwandu walifuata kwa miguu hadi kituo cha afya. Waliketi kwenye benchi la nje, hawajui kama mtoto ni mzima au amekufa. Milembe alikuwa ameketi karibu kabisa na mtu aliyemwogopa kuliko wote.

"Jana niliinuka nikukaribishe," bibi alisema. "Sioni vizuri, mjukuu wangu. Kuni hakuna, napikia mavi ya ng'ombe, moshi umeniharibu macho. Nilifurahi kuona mgeni. Kwangu hapaji mtu."

Milembe alilia kwa aibu. Alimwomba radhi, lakini neno lenyewe aliliona dogo mno.

Luhaga alikuja akasimama mbele yao, kofia mkononi. "Mayu, mama yangu," alimwambia bibi, "chupa ile nilikupa mimi. Niliona kifuniko chake ni kizuri, nikasema itamfaa mtoto."

Jioni muuguzi alitoka. Alisema mtoto sasa anapumua vizuri, na kwamba chupa ile imewasaidia kujua upesi dawa ya kumpa. Wangechelewa kidogo tu, habari ingekuwa nyingine. Bibi Kwandu alifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika.

Asubuhi Ndaki aliomba uji. Shangazi na Milembe walianza safari ya kurudi nyumbani, na Milembe akavua fulana ya kijani aliyoivaa juu ya gauni lake, akaikunja, akamkabidhi shangazi. Alisema hastahili kuivaa, heri arudishwe Bariadi. Alisema pia kwamba alitaka tu watu wamjue, na sasa hata hajui anataka kuwa nani.

"Si lazima ujue leo," shangazi alisema. "Hofu si kosa, mwanangu. Hata mimi huogopa. Kosa lako ni kwamba uliificha hofu kwa uongo, na mzigo wake akaubeba mtoto asiyejua lolote. Ungeniambia tu kwamba unaogopa, tungekwenda wawili." Kisha akamrudishia fulana. "Na ukitaka kuwatumikia watu, iwe kwa utangazaji au kwa kazi nyingine yoyote, usichague nyumba zinazokupendeza. Ile wanayoikwepa wote ndiyo inayokungoja."

Milembe aliivaa tena fulana ile. Bibi Kwandu alikwisha mwambia kuwa ghalani kwake kuna chupa nyingine. Walipofika njia panda, shangazi alishika njia ya nyumbani, lakini Milembe hakumfuata.

"Shangazi, bado naogopa," alisema. "Tufuatane mtoni."

Wakashika njia ya mtoni, Milembe akiwa mbele.