Nani Aliizima Redio?

Mwizi huyu alikuwa na adabu zake, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingia.

Kompyuta ilikuwa mezani. Kamera ilining'inia msumarini. Hata pochi ya mwenye gari ilikuwa palepale juu ya friji, imenona. Kilichoondoka ni mfuko mmoja tu, wenye pasipoti mbili na kadi ya gari, uliokuwa ndani ya kasha la chuma chini ya kiti. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi na pazia linapepea nje.

"Si unaona? Amepitia hapo," alisema mzee mwenye gari. "Pasipoti siku hizi ni biashara. Huyu anajua anachokitafuta."

Lilikuwa gari la nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humohumo. Mzee, injinia mstaafu, na mkewe walikuwa wanazunguka nalo nchi za watu, na hii ilikuwa nchi ya nne. Usiku uliopita walilala kwenye kiwanja hiki cha wasafiri kando ya mji. Leo walipanga kuvuka mpaka.

Mzee hakutulia. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akagusa kufuli, akachungulia dirishani. Inspekta naye hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kituoni walimwita Siafu, kwa sababu hatulii na hamwachi mtu atulie. Wawili hao walipishana kwenye ule ujia mwembamba mpaka Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuona kizunguzungu.

Mke wa mzee alikuwa kwenye karo anaosha kikombe. Kilikuwa kisafi, lakini alizidi kukiosha.

"Mlikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Sokoni. Mimi nilikuwa kwa fundi wa matairi, mama alikwenda kununua mboga. Tuliporudi tukakuta hivi."

"Milango?"

"Imefungwa. Kufuli mbili. Funguo ninazo mimi na anazo yeye, hakuna mtu wa tatu. Inspekta, mimi si mzembe!" Sauti ilimpanda. "Gari naliegesha likiangalia njia ya kutokea. Mapazia nafunga. Mlangoni naweka buti kubwa, mpita njia adhani ndani kuna pandikizi la mtu. Tukitoka tunaacha redio inaongea. Na hatulali mahali pamoja siku mbili. Kamwe!"

"Leo redio mliiacha inaongea?"

"Naam. Na tumerudi tumeikuta inaongea. Wewe nipe karatasi ya polisi tu. Ubalozi utatupa hati za dharura, keshokutwa tuko barabarani."

Kikombe kiliponyoka kikaanguka kwenye karo. Mama hakugeuka.

Nje, mlinzi wa kiwanja alikuwa amekaa chini na pingu mikononi, kijasho kinamtiririka. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amepaka poda mlangoni, na vidole vya mlinzi vilikuwa vimejaa pale.

"Afande, niliwabebea mtungi wa gesi asubuhi. Mlango niliushika mimi mwenyewe, mama alikuwepo. Muulizeni!"

"Walipokwenda sokoni ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Nani alikuona?"

"Nani anamwangalia mlinzi, afande?"

Inspekta aligeukia geti, akalipima kwa macho.

"Mwenye kiwanja ameshasema nikilala ndani leo, kesho nisirudi," mlinzi aliendelea. "Nina watoto, afande. Mimi hili wala lile silijui."

Simu ya Inspekta ililia. Mkuu wa kituo. Wageni wamelalamika, mtuhumiwa yupo, alama za vidole zipo, kinachosubiriwa ni nini? Afunguliwe jalada, apelekwe mahakamani, mambo yaishe.

"Ndiyo, mkuu," Inspekta alijibu, huku miguu ikiwa imeshaanza kumpeleka upande mwingine.

Ilimpeleka kwenye banda la kufulia, hatua chache nyuma ya lile gari. Dobi, mwanamke mwenye kifua na sauti ya kukitosha, alikuwa anakamua shuka kama analinyonga.

"Hukuona mtu kwenye lile gari?"

"Sikuona mtu. Mimi na gari lile tumekosana!"

"Mmekosanaje na gari?"

"Afande, wewe una timu? Mimi ninayo. Leo inacheza, redio yangu imekufa, nikasema afadhali hao wageni wameacha yao wazi. Nafua huku nasikiliza bure. Dakika za mwisho tunapata penalti. Mchezaji anaweka mpira, anarudi nyuma... kimya! Redio imezimwa! Nilirusha sabuni."

Inspekta alisimama tuli. Koplo aliliona hilo, akatoa kalamu.

"Imezimwa, au umeme ulikatika?"

"Umeme ulikuwepo, mashine yangu ilikuwa inazunguka. Nimekaa kidogo, redio hiyo, imewashwa tena. Mpira umekwisha, wanatangaza dawa ya meno. Mpaka sasa sijui kama tulifunga."

"Mlifunga," alisema Koplo.

Dobi alipiga kigelegele. Inspekta alikuwa ameshaondoka.

"Koplo, tufikiri pamoja," alisema wakikaribia gari. "Wewe ni mwizi. Umeingia kwenye gari la watu, redio inaongea. Unaizima?"

"Siwezi. Wa nje watashtuka. Naiacha inifunike."

"Na ukiizima kwa ujinga wako, ukitoka unarudi kuiwasha?"

Koplo alianza kucheka, kisha akasimama njiani. "Anayezima akiingia na kuwasha akitoka ni mwenye nyumba."

"Na mzee alikuwa kwa fundi wa matairi. Mpigie fundi uhakikishe. Mimi namchukua mama."

Fundi alithibitisha: mzee hakuondoka pale hata kidogo, alikuwa amemsimamia kichwani mpaka nati ya mwisho.

Ofisi ya mahojiano kituoni ilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyolia kila ikigeuka. Mzee aliachwa kaunta. Mama alikaa, akakunja mikono kifuani. Inspekta, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alivuta kiti naye akakaa.

"Mama, mkiingia kwenye gari, redio mnaifanyaje?"

"Tunazima. Tukitoka tunawasha. Amri ya mzee."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Mkono unakwenda wenyewe, mwanangu."

"Leo umekwenda wenyewe. Majirani wamesikia."

Mama alifumba macho. Feni ililia.

"Mboga ulinunua saa ngapi?"

"Sikununua mboga."

"Mlinzi alishika mlango wakati gani?"

"Alipotuletea gesi." Machozi yalianza kumtoka. "Sikujua watamkamata. Wallahi sikujua. Nilidhani mtasema mwizi hajulikani, basi."

"Yuko ndani. Kazi yake inaondoka sasa hivi tunavyoongea."

Mama aliingiza mkono kifuani, ndani ya kanga, akatoa mfuko wa plastiki wenye joto la mwili. Akauweka mezani. Pasipoti mbili na kadi ya gari.

"Nilirudi kwa funguo zangu. Nikachukua, nikafungua dirisha, nikafunga milango. Mfungulieni yule baba. Mimi niwekeni popote."

Inspekta alifungua mlango. "Koplo! Mlinzi atolewe pingu sasa hivi. Na mpigie mwenye kiwanja, mwambie kwa jina langu: mtu wake ni msafi, akimfukuza atanieleza mimi."

Akarudi. "Taarifa ya uongo polisi ni kosa, mama. Utaandika maelezo na mahakama itakuuliza. Lakini mimi nakuuliza kwanza. Kwa nini?"

"Nilitaka asimame."

"Nani?"

"Mume wangu. Tulikuwa na kijana, kitinda mimba wetu. Wezi waliingia nyumbani usiku, wakamuua ukumbini. Getini hawakuvunja kitu. Mzee ndiye hulifunga geti kila jioni, na kwa kuwa walilikuta wazi, akaapa kwamba alilisahau. Tumezika, hatujajengea hata kaburi, akanunua gari hili. Mwaka wa pili huu tunakimbia. Anasema anatukinga na wezi. Nikisema turudi, anawasha injini. Na kuna neno langu ambalo mtu hawezi kulisikia akiwa ameshika usukani."

"Neno gani?"

"Aje alisikie mwenyewe."

Inspekta alisita. Hamu ya kutoka mle ndani ilimjaa miguuni. Alimwita.

Mzee aliingia mbiombio, akaona pasipoti, uso ukamng'aa. "Zimepatikana! Mungu mkubwa. Mama, nyanyuka, tukiwahi tunavuka leo leo."

"Nilizichukua mimi."

"Tutaongea njiani."

"Kaa, baba."

"Mpaka unafungwa, mke wangu..."

"Kaa!"

Alikaa. Pasipoti alizikumbatia kifuani, goti moja likimtetemeka.

"Siku ile geti ulilifunga," mama alisema. "Mimi nilitoka baada yako. Ulikuwa umeshalala. Nilikwenda kwa jirani yetu fundi cherehani kuchukua nguo zangu, mikono imejaa nikirudi, nikalisukuma kwa kisigino. Sikurudi kulitazama. Asubuhi ulipoanza kujilaani mbele za watu, nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Kila siku ikakataa. Mwanetu nilimwachia wazi mimi."

Goti la mzee lilitulia. Pasipoti ziliteleza, moja ikaanguka sakafuni, hakuna aliyeiokota.

"Na ukaniacha niendeshe," alisema polepole.

"Nilikuacha."

"Nchi nne."

"Nne. Nichukie, una haki."

Mzee alinyanyua kichwa. Hasira ilimjia usoni, Inspekta akaiona kabisa, akajiandaa kuingia kati. Kisha mzee akainama mpaka paji la uso likagusa meza, akalia kwa sauti, bila kujificha, mbele ya polisi.

"Nililifunga?" aliuliza humohumo mezani.

"Ulilifunga."

"Sema tena."

"Ulilifunga, baba. Kwa mkono wako. Nilikuona."

"Tena," alisema mzee, na mama akasema tena.