Mstari Shingoni mwa Nyenje

Nilikuwa narudisha sahani tu. Jirani yetu hapa mtaani Mawaleh, Bakhita, mchana alituletea vitumbua, na sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo nikaijaza tende, nikavaa abaya, jua linazama, mwanangu Fajr nimemwachia mkwe wangu Bi Khole, analia kama kawaida yake. Miezi mitano, sauti ya muadhini.

Vitumbua vile vilikuja na picha. Bakhita huchora kwa mtindo wa Kichina, maua na wadudu, wino juu ya karatasi laini. Yetu ilikuwa maua mekundu mapana kama viganja, na chini ya jani nyenje mmoja, miguu kama nywele, utasema ataruka.

"Nimemchora huku namsikiliza mwanao analia," aliniambia. Akamtazama mtoto, akamtazama... Mashallah hakusema.

Nikamshuku ana kijicho. Mama gani asingeshuku?

Bi Khole yeye alishughulika na picha. "Nyumba yenye picha ya chenye roho malaika hawaingii." Akachukua kalamu, akamkata nyenje mstari wa shingo. "Basi. Sasa si kiumbe tena. Tundika."

Nikatundika, ndipo nikatoka na sahani. Nimefika mlangoni kwa Bakhita, sijapiga hodi, huku nyuma kilio cha Fajr kikakatika.

Hakikupungua. Kilikatika.

Nikarudi mbio, tende zinamwagika. Fajr mdomo wazi, uso mwekundu, machozi yanatiririka... na sauti hakuna. Shingoni mstari mweusi, mwembamba. Wanja, nikajiambia, ni wanja umechuruzika, nikafuta kwa kitambaa cha maji, nikafuta, nikafuta.

Haukutoka.

Na ukutani...

Kriii. Kriii.

"Mama, unasikia?"

"Nnasikia," akanong'ona Bi Khole. "Audhubillahi! Irudishe ilikotoka!"

Bakhita alifungua kabla sijagonga. Ndani kulinuka wino, kama moshi wa kuni mbichi. Akaitandaza picha mezani.

"Nani kamkata?"

"Mkwe wangu. Futa, dada, nakuomba, futa!"

"Karatasi hii wino ukishaingia hautoki." Akachovya brashi. "Naweza kuugeuza tu, uwe kitu kingine. Lakini picha itabaki kwangu."

"Kwa nini?"

Brashi ikasimama juu ya ile shingo, tone linaning'inia.

"Chukua," nikasema. "Chukua!"

Mkono ukapita mara moja, na mstari ukawa jani la nyasi, kama lililoota pale tangu mwanzo.

Kule nyumbani, Fajr akalia.

Nikageuka niondoke, ndipo nikaziona kuta zake. Kipepeo, nyuki, vunjajungu, kila mmoja na ua lake. Na kila mmoja, jani la nyasi limempita shingoni.

"Hawa... wa nani?"

"Wa majirani." Alikuwa anasuuza brashi, taratibu. "Na wao wana wakwe."

Mume wangu Yaqdhan amepata nyumba nzuri Wattaya, mtaa wa mbali na hapa. Juzi tulikwenda kuitazama, Fajr analia nyuma ya gari, na kila tulipozidi kuuacha mtaa wetu na kuta za Bakhita sauti ikapungua, ikapungua...

"Masikini, kalala," akasema Yaqdhan.

Nikageuka.

Macho yalikuwa wazi. Mdomo wazi. Na ule mstari shingoni si mweusi tena.

Wa kijani, kama jani la nyasi.