Mvua Isiyofika Mazingara

Mgeni aliingia kibandani saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, bila kupiga hodi.

Kabla Mdoe hajainua kichwa, mkono wake ulishafika chini ya meza. Bastola yake, Glock, ilikuwa pale, nyuma ya droo ya bisibisi.

Aliiacha taratibu.

Mgeni alikuwa bibi kizee. Alijifunga kanga mbili, miguuni kandambili zilizolika visigino, na kifuani amekumbatia kifurushi cha kitambaa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Vumbi jekundu la Handeni lilimfika magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi simu?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Fundi wa Mkata alitaka kunifutia kila kitu. Nikamwambia, ukifuta simu yangu na mimi nitakufuta wewe."

Mdoe alicheka. Akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe. Hakuwa amecheka tangu Agosti.

Kwa watu wa stendi ya Korogwe, Mdoe alikuwa fundi mpole aliyetokea Tanga mjini, asiye na mke wala maneno mengi. Kwa Idara, alikuwa mpelelezi mwenye kazi moja: kutafuta sikio.

Kulikuwa na sikio mahali fulani. Ndani ya miezi sita, wachimbaji wadogo wanne wa dhahabu wa Handeni walipigwa risasi njiani. Kila mmoja aliuawa siku aliyobeba mzigo. Kila mmoja alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, kwa simu.

Wa tano hakuwa mchimbaji. Alikuwa Petro, mpelelezi mwenzake.

Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa sauti, wa sekunde sita. "Mdoe, niko Ngombezi, nyuma ya kinu cha mkonge. Wamenizunguka. Unakuja?"

Mdoe alijibu: "Nakuja."

Kisha ikaja amri ya kusubiri kikosi. Alisubiri. Dakika ishirini tu.

Tangu siku hiyo, kila simu iliyotikisika juu ya meza yake ilimuuliza swali lile lile.

Bibi alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na simu mpya ya kupangusa, bado ina nailoni kwenye kioo.

"Tumegawiwa bure na Mradi wa Mkulima wa Kesho," alisema. "Simu mia sita, Mazingara na vijiji vya jirani. Mimi naitwa Mwanaidi. Nataka uniwekee vitu vya maana tu. Binti wa jirani ameniwekea mchezo wa pipi zinazopasuka. Naswali, zinapasuka. Nakula, zinapasuka."

"Vya maana kama vipi, bibi?"

"Cha kunionyesha saa za swala. Cha mvua. Na kile cha kumwona mtu usoni." Akashusha sauti. "Mwanangu Faudhia yuko Muscat, kazi za ndani. Mwaka wa pili sasa. Bosi wake anampa simu Ijumaa moja kwa mwezi, dakika kumi. Kesho saa nane ndiyo zamu yake. Kwenye simu yangu ya zamani, ya kitochi, alikuwa ananiambia, 'Mama, niko salama.' Lakini sauti anaipanga. Nataka nimwone uso."

Mdoe aliichukua simu.

"Cha mvua kipo tayari, bibi. Naona wameshakiweka."

"Kinasema uongo hicho! Siku tisa kinaniambia Mazingara kunanyesha. Siku tisa nimeanika mahindi ndani, yameota ukungu. Nje jua linapasua mawe."

Mdoe alifungua mipangilio. Ilikuwa tabia yake kwa kila simu mpya: kabla ya kuongeza kitu, tazama kilichomo kinaomba nini.

Hali ya hewa. Ruhusa zilizotolewa:

Mahali. Majina. Ujumbe. Kamera.

Maikrofoni.

Mdoe alilisoma neno hilo mara ya pili.

Programu ya mvua ilikuwa inataka kusikia nini?

Alimwangalia bibi na kuweka kidole mdomoni. Bibi akanyamaza papo hapo. Mdoe akazima simu, akaitumbukiza kwenye mfuko mweusi uliofumwa kwa nyuzi za shaba, mfuko usiopitisha wimbi lolote, akauziba.

"Ina jini?" bibi alinong'ona.

"Ina masikio."

Bibi alikaa kwenye kigoda polepole. "Basi imesikia yote. Na ugomvi wangu na shemeji?"

"Yote, bibi."

Sikio lilikuwa limepatikana. Lakini kichwa chake kilikuwa wapi?

Mdoe alirudia maneno ya bibi akilini. Siku tisa za mvua. Programu ya kweli huuliza simu iko wapi, halafu inaleta hali ya hewa ya pale. Hii haikujali simu iko wapi. Ilipitia kwanza kwenye mtambo wa wenye programu, nao mtambo ukaomba hali ya hewa ya mahali ulipokaa.

Walitengeneza mtego wa mamilioni, wakaufunika kwa picha ya wingu. Hawakufikiria kwamba mkulima angeliangalia wingu lile kila asubuhi, kisha atoke nje atazame juu.

Alipiga simu Mombo. Glory, Msambaa aliyeuzia abiria wa mabasi mapeasi, alikuwa macho yake barabarani.

"Glory, siku tisa hizi mvua imenyesha wapi?"

"Sasa umekuwa redio? Hapa chini kavu, kaka. Ila kona za juu, njia ya Lushoto, kila siku. Juzi mvua ya mawe."

"Bibi, juzi kiliandika nini?"

"Hakikuandika. Kilichora punje nyeupe. Nikadhani mchele."

"Glory, mawe yaliangukia wapi hasa?"

"Kona ya nne tu. Ile nyumba ya mzungu wa mradi, yenye sahani kubwa ya setilaiti juu ya bati. Sahani ilitoboka, mafundi wakapanda kuiziba."

Mdoe alikata simu.

"Bibi, simu hii inabaki kwangu na laini yake. Ni hatari kuirudisha nyumbani."

Uso wa Mwanaidi ulianguka. "Na kesho? Faudhia anaijua namba hiyo tu."

Angeweza kusema tutaona. Angeweza kusema Inshallah na kuangalia pembeni.

"Kesho saa nane utamwona mwanao," Mdoe alisema. "Nakuja mwenyewe."

Neno lilipotoka, akalitambua. Alikuwa amelisema mara moja kabla.

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Ukungu ulikuwa umelala kwenye kona ya nne mlimani, mzito, wenye harufu ya majani mabichi. Manyunyu yaligonga kofia za askari wanne waliolala kwenye migomba.

"Fundi, unanipata?" Salome, mkuu wake, aliuliza redioni kutoka ndani ya Land Cruiser chini ya kona.

"Nakupata, mkuu."

"Subiri ishara yangu."

Subiri.

Ndani ya ukungu, Mdoe aliona umbo la mtu limesimama, mabega yameinama kidogo kama ya Petro. Alipepesa macho. Kilikuwa kisiki.

"Ingia."

Mlango wa mbele ulivunjika kwa teke moja. Mlinzi aliinua bunduki. Mdoe alimpiga kwa kitako cha Glock chini ya sikio, akamruka, akasukuma mlango wa chumba cha ndani.

Akasimama.

Chumba kilikuwa na giza, na ukutani taa ndogo za kijani mia sita, moja kwa kila simu, na jina la kijiji chini yake. Na chumba kilikuwa kinaongea. Mwanamke aliomba chumvi kwa jirani. Mtoto alikohoa. Mzee alisoma dua. Mtu mmoja alilia peke yake, akidhani yuko peke yake.

Handeni nzima ilikuwa inapumua mle ndani.

"Simu waliziomba wenyewe," ilisema sauti kwa Kiswahili safi. Daktari Hauk, mkuu wa mradi, mtu wa kuwagusa wanavijiji mabegani, alikuwa amesimama kando ya mtambo, kidole juu ya kitufe chekundu. "Kila mmoja alibonyeza 'nakubali'."

"Hawakuambiwa wanakubali nini."

"Nikibonyeza, ushahidi wote unafutika."

"Bonyeza."

Hauk alibonyeza.

Hakikutokea kitu. Dakika chache kabla ya ishara, Mdoe alikuwa amejipenyeza hadi dirishani, akauona waya wa kitufe hicho ukipita nje, akaukata kwa koleo lake la ufundi.

"Mimi ni fundi," alisema, akamfunga pingu.

Orodha ya sauti zilizohifadhiwa ilikuwa kwenye kioo cha mtambo. Majina ya wachimbaji wanne. Mstari wa tano haukuwa na jina la mtu. *Ngombezi, Agosti.*

Petro alikuwa amebeba mojawapo ya simu zile. Alikuwa ameichukua aichunguze.

Hakutaka kuisikiliza rekodi ile. Aliisikiliza.

Pumzi. Upepo kwenye mkonge. Kisha sauti ya Petro, akijisemea chini chini, baada ya ujumbe ule wa mwisho. "Tulia. Mdoe anakuja. Ameshasema." Upepo tena. "Akisema, anakuja."

Dakika kumi na tisa alikaa akisema hivyo.

Mdoe alizima. Alisimama mbele ya taa zile mpaka askari mmoja alipomgusa bega.

*

Saa nne na nusu, mifuko ya vielelezo ilikuwa imepangwa nyuma ya Land Cruiser. Salome aliikagua mmoja mmoja.

"Kazi nzuri. Gari la Dar linaondoka sasa hivi. Wenzake Hauk bado wako nje, na hawajui sura yako. Ibaki hivyo."

"Nahitaji laini moja, mkuu. Ya Bibi Mwanaidi wa Mazingara."

"Ni kielelezo. Atarudishiwa kesi ikiisha."

"Mwanawe anapiga saa nane leo. Nimemwahidi."

Salome aliiweka chini orodha ya vielelezo. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetoa ile amri ya kusubiri, Agosti, na tangu siku hiyo hakulala vizuri kuliko Mdoe.

"Mdoe, ukienda kule mchana kweupe, kijiji kizima kitakuona. Hutafanya kazi hii tena. Na ukitoa laini kwenye mfuko huu bila kibali, sitaweza kukutetea."

"Najua."

"Kwa ajili ya dakika kumi?"

"Alinisubiri mtu dakika kumi na tisa."

Salome akageuka, akatazama barabara.

Mdoe alifungua mfuko, akatoa laini. Mahali pake aliweka kitambulisho chake cha Idara na Glock, akausaini mfuko, akauziba vizuri.

Akawasha pikipiki yake, Boxer.

Mombo ikapita, na Glory akapunga mkono asipate jibu. Ngombezi ikapita, safu za mkonge zikifunguka na kufungika, na safari hii aliziangalia zote bila kukwepa macho. Korogwe. Pale Segera alisimama kwenye kituo cha mafuta, akaichomeka laini kwenye simu yake ya Samsung aliyoifutia kila kitu. Alipakua programu tatu: ya kumwona mtu usoni, ya saa za swala, ya hali ya hewa. Kwa kila moja alisoma ruhusa mpaka mwisho. Ile ya swala ilitaka majina ya watu. Akaifukuza, akatafuta nyingine.

Saa saba na nusu alipita Mkata. Alikuwa amechelewa.

Aliingia Mazingara kwa kasi, vumbi nyuma yake hadi juu ya miti. Watu walitoka msikitini, wakasimama, wakamtazama usoni. Kila mmoja.

Saa nane kasoro dakika mbili.

Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, amevaa kanga mpya. Alinyoosha tu mikono miwili.

Simu ikalia mikononi mwake kabla hajaishika vizuri. Mdoe alimwonyesha pa kugusa.

Bibi aliiweka sikioni. "Halo?"

"Mama, usiweke sikioni! Naona tundu la sikio tu!"

Mdoe alimshika mkono, akaushusha.

Bibi alitazama kioo, akimkagua mwanawe kipande kwa kipande, kama alivyofanya siku alipomzaa.

"Umekonda," alisema. "Nani kakukata nywele hivyo? Cheka nikuone meno."

Kule Muscat, mtu alianza kucheka huku analia.

Mdoe alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Hakuaga. Dakika zilikuwa kumi, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Alivaa miwani, akaisukuma pikipiki kwa mikono mpaka barabara kuu ndipo akaiwasha, ili ngurumo yake isifunike hata neno moja.