Loriye Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza maharage sokoni Bwera, Uganda, Anastasie alimwagilia ua lake kando ya mlango. Alilipanda mwenyewe. Kijiti cha urefu wa kiganja alikichomeka ardhini, akakipa maji, na kwa miaka mitatu kikawa kichaka kinachompita kimo. Maua yake ya rangi ya waridi yalitoka mashada kwa mashada.

Kijiti hicho alipewa na mfanyabiashara wa Beni. "Ni loriye-roze," mtu yule alimwambia. Anastasie alifurahi, kwani kwao Butembo, Kongo, loriye ni kiungo cha mchuzi. Lakini loriye ya dukani ni majani makavu ndani ya pakiti. Mti wenyewe hakuwahi kuuona hata siku moja.

Jumapili moja pakiti iliisha. Anastasie akachuma majani pale mlangoni, akayatia kwenye nyama. Binti yake Chérie alikuwa bado kwaya, naye akataka kumngoja wale pamoja. Mumewe, Benoît, alikuwa na njaa, akaanza kunywa mchuzi.

"Mama Chérie, loriye ya leo iko muchungu!"

"Ni mbichi, baba. Kunywa tu."

Benoît hakutaka kumvunja moyo mkewe. Akamaliza bakuli.

Haukupita muda, akaanza kutapika. Akashikwa na kizunguzungu, na moyo ukawa unapiga polepole. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda. Maskini Benoît! Alikata roho jua likiwa bado juu.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Musoki, mhudumu wa afya wa kijiji. Alisimama akalitazama ua lile.

"Mama Chérie, daktari alisema ni sumu. Siku ile ulipika nini?"

"Nyama. Na loriye hii."

Musoki alishika kichwa. Kisha akainamisha tawi ili Anastasie aone vizuri.

"Tazama. Majani ni marefu, membamba, magumu. Yanatoka matatu matatu mahali pamoja. Hili ni ua la kupendeza macho tu. Jani, ua, kijiti, vyote ni sumu. Loriye ya kupikia jani lake ni pana zaidi, na ukilivunja linanukia. Jina linafanana, lakini mti ni mwingine kabisa."

"Basi nilimuua mimi!"

"Hukujua, dada."

"Nilimwambia anywe, Musoki. Yeye hakutaka!"

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya Anastasie hayakungoja uzee. Ghafla akasimama.

"Rachelle! Mwaka jana nilimupa kijiti. Nilimwambia atapikia!"

Rachelle alikuwa rafiki yake, aliyeishi Kinyamaseke na watoto watano. Walipiga simu, haikupatikana. Wazee waliokuwa msibani walinung'unika: mjane hatoki kabla matanga hayajaanuliwa. Anastasie alipanda bodaboda na Musoki, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikisali.

Walimkuta Rachelle jikoni. Maharage yalikuwa yanachemka, na majani yalikuwa kwenye sahani, yameoshwa.

"Umetia? Umeshatia?"

"Bado, leo ndiyo mara ya kwanza nayachuma. Mama Chérie, pole na—"

Anastasie alimnyang'anya sahani.

"Hii ndiyo ilimuua Benoît. Mimi ndiye nilipika."

Rachelle alimkumbatia, wakalia wote wawili. Kisha wakavaa mifuko ya plastiki mikononi, wakang'oa ua na mizizi yake, wakalifukia ndani ya shimo refu. Rachelle alitaka kulichoma.

"Usichome!" Musoki alisema. "Hata moshi wake ni sumu. Na lile la kwa Mama Chérie tutalifukia hivi hivi. Na mtu akila, msingoje. Hospitali mara moja, na jani mulipeleke, daktari alione."

Rachelle akapakua maharage. Watoto walikula, wakalamba sahani, wakaomba kuongezwa. Anastasie aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakimtiririka. Mdogo wao akauliza kwa nini mama huyu analia. Rachelle akamwambia ale kwanza.