Sikutafuna Mifupa

Asubuhi ile chumba cha daktari wa meno kilikuwa shwari. Redio iliimba chinichini, na msaidizi wa daktari alikuwa akicheka na bintiye aliyelala kwenye kiti, tayari kufungwa vyuma vya kunyoosha meno. Wenzake kazini walimwita Chapuchapu, naye jina hilo alilipenda.

Kazi yake ilikuwa kuandaa meno: kuyasugua, kuyapaka tindikali inayosaidia gundi kushika, kuhesabu hadi thelathini, kuosha, kisha kukausha mpaka jino liwe jeupe kama chaki. Hapo ndipo daktari hubandika vitufe vya chuma kwa gundi. Siku hiyo alifika kumi, simu ikaita; akaipokea, kisha akaosha na kukausha harakaharaka.

"Mama, jino limelowa mate," binti alisema.

"Nani msaidizi hapa, mimi au wewe? Panua mdomo!"

Daktari alimwamini, akabandika bila kukagua. Siku ya tatu kitufe cha mbele kikadondokea kwenye bakuli la uji.

"Anatafuna mifupa huyu," Chapuchapu alimwambia daktari.

"Sijatafuna, mama."

"Koma! Una meno ya mbwa?"

Nyumbani akamlisha uji mtupu wiki mbili nzima. Wadogo zake wakampa jina: "Dada Mifupa!" Kitufe kikabandikwa, kikang'oka tena. Jamani, si hapo mtu mzima angejiuliza? Yeye aliona aibu tu mbele ya daktari, na aibu hiyo akaimalizia kwa mtoto.

Mara ya tatu akapaka tindikali nyingi, akaiacha muda mrefu mno bila kumwambia mtu. "Leo kitashika mpaka ukome," alinong'ona.

Kilishika kweli. Miezi ishirini baadaye, meno yakiwa yamenyooka, daktari alipokibandua, kilitoka na kipande cha jino la mbele.

"Siku tulipokibandika mara ya mwisho, uliacha tindikali kwa muda gani?" daktari aliuliza, kitufe kikiwa bado kwenye koleo.

Chapuchapu alianza kupanga vifaa kwenye trei. Aliyesema ni binti, machozi yakimtoka kwa jinsi hewa ilivyomchoma jino:

"Mama, mimi sikutafuna mifupa."

Tangu siku hiyo binti hucheka amefumba mdomo. Mama yake akimwita "mwanangu", huitika "abee", kisha huinuka akaenda chumba kingine.

FUNZO

Wazazi, mtoto akikana kosa, chunguzeni kabla hamjamwita mwongo. Na ukiharibu kazi kwa haraka zako, sema siku ileile. Kitufe kikidondoka hubandikwa tena. Jino la yule binti halitaota upya.