Kamba za Hema la Wadogo

Kila jioni baada ya shule, Jicho alikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta ya duka la mama yake, akitazama mikono ya wateja. Ndiyo kazi aliyopewa. "Uso wa mtu unaweza kukuchekea huku mkono uko kwenye pipi," mama alimwambia. Mama mwenyewe alipima sukari na kumkaribisha kila aliyeingia: "Karibu, nikusaidie nini?" Pipi hazikupotea, na wenzake katika chama cha vijana wakampa jina la Jicho. Alilipenda sana jina hilo, pengine kuliko ilivyofaa.

Mwisho wa juma moja, chama kilikwenda kupiga kambi kando ya msitu. Kiongozi wao, Kaka Seremala, alileta mahema ya turubai yaliyokuwa na umri mkubwa kuliko wao wote, yenye kamba za katani. Hema ambalo lingekuwa bado limesimama wima Jumapili lingetunzwa kibendera cha kijani hadi kambi nyingine. Hema la Jicho halijawahi kukipata.

Mvua ilianza kabla hawajamaliza kushusha mizigo. Jicho alizikaza kamba zake hadi viganja vikamuuma, akaingia kulala ameridhika.

Asubuhi alizikuta zote zimelegea. Aliyekuwa karibu ni Kimya peke yake, msichana mgeni katika chama, ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kijiko. Alikuwa anajifuta matope mikononi.

"Yule mgeni analegeza kamba zetu," Jicho alimnong'oneza Bonge, mwenzake wa hema, walipokuwa wakimenya viazi. "Anataka hema lao lichukue kibendera."

"Umemwona?"

"Nimeiona mikono yake. Kikulacho ki nguoni mwako, Bonge."

"Kinachonila mimi sasa hivi ni njaa," Bonge alijibu. Hata hivyo, naye alianza kumtazama Kimya kwa jicho la pembeni. Habari haina miguu lakini hutembea, na kufikia saa ya chakula hakuna aliyekaa na Kimya kwenye benchi. Alikula peke yake, akiangalia sahani.

Baada ya kula, Kaka Seremala aliwakusanya wote kwenye banda la jikoni awaeleze jambo. Jicho akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alinyata hadi hema la akina Kimya, akalifungua begi lake. Alikuta sweta bichi, kipande cha sabuni na mswaki. Hilo halikumtuliza. Alijiambia kwamba mjanja haachi alama. Mtu akishaingiwa na dhana, hata begi lisilo na kitu hulifanya ushahidi.

Aliporudi, mkutano ulikuwa umekwisha.

"Umesikia habari ya kamba?" Bonge alimuuliza. "Kumbe yule..."

"Nimesikia," Jicho alimkatiza haraka. Angesema hakusikia, angeulizwa alikuwa wapi.

Alasiri wingu zito likatanda. Jicho alimwona Kimya akiinama kwenye hema moja, kisha jingine, mchana kweupe, akilegeza kamba bila hata kujificha. Damu ikamchemka. Alimfuata kwa nyuma bila kuonekana. Akaanza na hema la wadogo wa chama, walioonewa bila kujua, akalikaza kwa nguvu zake zote. Kabla hajafika kwenye hema lake, mvua ikamfukuza hadi jikoni.

Haukupita muda, kamba za hema la wadogo zikaanza kulia. Kigingi kikaruka, na turubai likachanika kutoka ukingoni hadi katikati. Blanketi zote zikalowa. Mdogo kuliko wote alilia kwa kwikwi akiwa amekumbatia mto uliokuwa ukichuruzika maji.

"Kimya," Kaka Seremala aliita, "hema hili ulililegeza?"

"Nililegeza, Kaka."

"Mbona kamba zimekaza kama waya? Mchana nimewaeleza wote: katani ikilowa hufupika. Isipolegezwa kabla ya mvua, lazima kitu kikatike. Ndiyo maana kazi hii nikakupa wewe tangu jana."

Jicho alirudi nyuma hatua moja.

"Kazi yenyewe moja tu, nayo imemshinda," Bonge alisema.

Kaka alipangusa maji usoni. "Nitalazimika kuzungumza na wazazi wako, Kimya. Safari ijayo labda ubaki kwanza."

"Nililegeza," Kimya alirudia kwa sauti ndogo, akijua hakuna anayemsadiki.

Jicho alitazama viganja vyake. Kamba zilikuwa zimeacha michirizi myekundu. Akavificha kwapani. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angenyamaza, yangekwisha hapo. Lakini mbele yake Kimya alishaanza kulia bila sauti, na Jicho hakuweza kuvumilia.

"Kaka," alisema, "tazama mikono yangu."

Akaeleza yote: dhana, begi, uongo aliomwambia Bonge. Bonge akainamisha kichwa. Kaka Seremala hakugomba. Alimwomba Kimya radhi mbele ya wote, kisha akampa Jicho sindano kubwa na uzi mnene. Wadogo wakahamishiwa hema la Jicho, na yeye akakaa jikoni kushona. Kimya alikuja kumshikia turubai.

"Nisamehe," Jicho alisema. "Ningekuuliza tu."

"Ungeuliza ningekwambia. Hakuna aliyeniuliza."

Jumapili jioni, dukani, Jicho alimsimulia mama yake. Mama aliendelea kufunga sukari hadi akamaliza.

"Nilikufundisha kutazama mikono," alisema. "Lakini mteja akiingia, mimi huanza na nini?"

Jicho akafikiri. "Unamuuliza umsaidie nini."

"Basi. Mkono unakuonyesha nusu tu, mwanangu. Nusu nyingine iko kwa mwenyewe, na huipati bila kuuliza. Wewe hukuuliza, na ulipoulizwa ukadanganya. Hayo mawili ndiyo yaliyochana hema. Mvua mnaisingizia."

Mlango ukasukumwa, akaingia mtoto mgeni, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Jicho aliutazama ule mkono. Kisha akainuka kwenye kigoda.

"Karibu," alisema. "Nikusaidie nini?"